Kwa nini Prosecco ya vilimani inauzwa ghali kuliko ya tambarare, ilhali zabibu ni zile zile?

#1 Mhudumu wa Kiwengwa

Wakuu, habari za leo. Ninahudumu katika mgahawa wa hoteli moja iliyo pwani ya mashariki ya Unguja, na wageni wetu wengi ni Waitaliano. Juzi jioni nilimmiminia mzee mmoja glasi ya Prosecco, ule mvinyo wa Kiitaliano wenye mapovu. Aliiinua hadi usawa wa taa, akainusa, akaonja funda dogo, kisha akaisukuma kwa vidole viwili kunirudishia, bila hasira yoyote, na kusema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Hii si ya mlima." Baada ya hapo akaomba maji.

Katika orodha yetu ya vinywaji zipo Prosecco mbili. Moja imeandikwa Prosecco DOC, nyingine Conegliano Valdobbiadene Prosecco Superiore DOCG, na bei ya hii ya pili inakaribia kuwa mara mbili ya ile ya kwanza. (DOC na DOCG ni madaraja ya Italia ya mvinyo unaolindwa kwa jina la mahali unapotoka, na DOCG ndilo la juu.) Nimeelezwa kwamba ya pili hutoka vilimani na ya kwanza kwa sehemu kubwa hutoka tambarare, lakini zabibu ni za aina moja na mitambo haitofautiani. Dai langu ni kwamba ulimi wa binadamu hauwezi kukijua kilima, na kwamba kinacholipiwa ni jina la familia ya kale pamoja na mchoro wa jumba kwenye lebo. Mwenye hoja anisahihishe.

#2 Kijana wa Gerezani

Mkuu, mzee wa watu alitaka shampeni, akaona haya kusema. Zote zina mapovu, tusichoshane.

#3 Mwana Treviso

Nimeishi mkoa wa Treviso, kaskazini mwa Italia, mwaka wa tisa sasa, na kwa misimu minne nimevuna zabibu mwezi wa Septemba kwenye vilima vilivyo kati ya Conegliano na Valdobbiadene, kwa hiyo nitasema nilichokiona kwa macho na kukibeba kwa mgongo.

Mteremko wenyewe katika sehemu nyingi ni mkali kiasi kwamba mashine ya kuvunia haiwezi kusimama. Unapoingia kwenye mstari wa mizabibu, mguu mmoja unakuwa chini ya mwenzake kutwa nzima, na kufikia siku ya tatu nyonga inaanza kudai haki yake. Kichala unakikata kwa mkasi mdogo, unakilaza ndani ya kreti, na kreti lazima ulikingie jiwe au uliegemeze kwenye shina. Msimu wangu wa kwanza nililiweka langu juu ya nyasi zenye umande nikageuka kufunga kamba ya kiatu. Niliposikia kelele lilikuwa limeshapita mistari miwili ya chini, na zabibu zimetapakaa kama shanga zilizokatika uzi. Mzee mwenye shamba hakunigombeza. Alinionyesha tu jinsi wao wanavyoegemeza kreti kwenye paja.

Huku wanasema kwamba hekta moja ya mlimani inakula saa zipatazo 600 za kazi kwa mwaka, kuanzia kupogoa hadi kuvuna, wakati hekta ya tambarare, ambako trekta na mashine hupita kati ya mistari, inatosheka na saa 150 hadi 200. Ndugu mleta uzi, jibu lako ni hilo. Unalipia migongo ya watu.

#4 Bwana Hesabu

Ninamheshimu ndugu yangu Mwana Treviso pamoja na nyonga yake, lakini hesabu zake hazifiki anakotaka zifike. Tuzichukue kama alivyozileta.

Kanuni za DOCG ya vilima hivyo zinaruhusu tani 13.5 za zabibu kwa hekta, na zile za Prosecco DOC zinaruhusu tani 18. Tukikadiria kwamba kila kilo 100 za zabibu zinatoa lita 70 za mvinyo, hekta ya mlimani itajaza chupa zipatazo 12,600 na ya tambarare chupa zipatazo 16,800. Sasa gawanya zile saa. Chupa ya mlimani inapata takriban dakika tatu za kazi ya shambani, na ya tambarare inapata kama sekunde arobaini hivi. Tofauti yake ni dakika mbili na ushei. Hata ukimlipa mvunaji vizuri kwa kiwango cha Ulaya, dakika mbili haziwezi kuongeza bei ya chupa mara dufu. Lipo jambo jingine linalouzwa hapo, na ninaelekea kukubaliana na mleta uzi kwamba jambo hilo ni jina.

#5 Mwalimu Mstaafu

Naomba nianze na hilo jina, kwa sababu hata mleta uzi amelitumia kana kwamba maana yake iko wazi. Hadi mwaka 2009 Prosecco ilikuwa jina la zabibu. Mwaka huo sheria ilibadilishwa: zabibu ikaitwa rasmi Glera, na Prosecco ikawa jina la mahali, likiegemezwa kwenye kijiji kiitwacho Prosecco kilicho karibu na Trieste. Jina la zabibu mtu yeyote duniani anaweza kulitumia akipanda mche wake, lakini jina la mahali hulindwa. Hatua hiyo hiyo ikapanua eneo la DOC hadi mikoa midogo tisa ya majimbo ya Veneto na Friuli Venezia Giulia, na vile vilima vya zamani, ambavyo vilikuwa na DOC yake tangu 1969, vikapandishwa daraja kuwa DOCG. Kwa hiyo ule ukuta kati ya chupa zako mbili una umri wa mtoto wa sekondari tu, ingawa vilima ni vya tangu na tangu.

Kuhusu familia ya kale, yupo mtu mmoja ambaye hatuwezi kumruka. Antonio Carpenè alikuwa mkemia, na mwaka 1868 alianzisha mjini Conegliano kiwanda kinachojulikana kwa jina la Carpenè Malvolti. Mwaka 1876 yeye na Giovanni Battista Cerletti wakawa miongoni mwa walioanzisha shule ya utengenezaji mvinyo mjini humo, ya kwanza ya aina yake nchini Italia. Mapenzi yake kwa kemia yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwanawe alimwita Etile, ambalo ni neno la Kiitaliano la ethili, ile iliyomo katika jina la kileo chenyewe, na jina hilo likaja kurithiwa tena katika ukoo. Ni sawa na fundi mikate wa hapa kwetu kumwita mwanawe Hamira. Kiwanda hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuandika neno Prosecco kwenye lebo, mwaka 1924. Ndugu Bwana Hesabu, kama tunalipia jina, basi tukubali kwamba jina hilo nalo lilifanyiwa kazi, na halikuokotwa njiani.

#6 Fundi Mitungi

Nimefanya kazi na mitungi ya gesi na matangi ya shinikizo kwa muda mrefu, kwa hiyo nitagusa sehemu ya mapovu, ambayo Kijana wa Gerezani ameifuta kwa sentensi moja.

Shampeni hupata mapovu yake ndani ya chupa ile ile unayoifungua mezani. Prosecco kwa kawaida huyapata ndani ya tangi kubwa la chuma lililofungwa kabisa: mvinyo uliokwisha kuchacha mara ya kwanza huongezwa sukari na chachu, unaachwa uchache mara ya pili, na gesi inayozaliwa hukosa pa kutokea, hivyo huyeyuka ndani ya mvinyo. Mwisho wake shinikizo hufika takriban mara tano ya lile la hewa ya kawaida, yaani zaidi ya mara mbili ya upepo uliomo katika tairi la gari dogo. Ndiyo maana kizibo kinafungwa kwa waya. Njia hiyo aliibuni Mwitaliano Federico Martinotti mjini Asti mwaka 1895, na Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha mwaka 1907. Dunia nzima ikaishia kuiita njia ya Charmat, na Waitaliano hadi leo hawajalisamehe jambo hilo.

Nilichotaka kusema ni kwamba tangi halijui kilima wala tambarare. Tofauti yoyote ya ladha lazima iwe imeshaingia kabla ya kufika tangini, au imeharibiwa baada ya kutoka.

#7 Kijana wa Gerezani

Haya, nimekubali kusoma. Lakini kama habari ni majina ya familia, mbona hamtaji Ferrari? Nimeona chupa zao wakimwagiana kwenye mbio za magari. Mtu anatengeneza gari, anatengeneza na mvinyo, jina moja bei mbili.

#8 Mwalimu Mstaafu

Mjukuu wangu, hao ni Ferrari wawili wasiohusiana kabisa, na Ferrari ni jina la kawaida mno Italia. Wa mvinyo ni Giulio Ferrari wa mji wa Trento, aliyeanza mwaka 1902 akitumia njia ya chupa, kama Wafaransa, na zabibu ya Chardonnay inayolimwa kwenye miteremko ya milima. Hakuwa na mtoto wa kumrithi. Mwaka 1952 akamuuzia kiwanda Bruno Lunelli, mfanyabiashara wa mvinyo wa mji huo huo, naye mwenyewe akaendelea kwenda kazini. Chupa hizo zilikuwa zikifunguliwa jukwaani kwenye Formula 1 kuanzia 2021 hadi 2024, kwa hiyo macho yako hayakukudanganya. Umekosea ukoo tu.

#9 Bwana Hesabu

Hapo Mwalimu amenipa silaha bila kujua. Kiwanda kinaitwa Ferrari, wenyewe ni akina Lunelli, na kila mtu anakiita kiwanda cha familia cha tangu 1902. Je, ni familia ipi inayohesabiwa, ya damu au ya hati ya mauziano?

#10 Mwana Treviso

Ni ya kazi, mkuu. Aliyekaa na mwenye nyumba hadi akafundishwa ndiye mrithi. Tena hao hao Lunelli mwaka 2014 walinunua nusu ya Bisol, familia ya Valdobbiadene ambayo hujihesabu huko tangu 1542, kwa hiyo tumezunguka na tumerudi kwenye vilima vyetu.

Bwana Hesabu, zile dakika mbili zako nimezirudia kwa kalamu na sikuzikuta na kosa. Ila umehesabu saa ukaacha ardhi. Kipo kilima kiitwacho Cartizze, hekta 107 tu zilizogawanywa kwa wakulima zaidi ya mia moja, na bei ya hekta moja pale hutajwa kuwa zaidi ya euro milioni moja. Mtu mwenye shamba la bei hiyo hawezi kuuza kwa bei ya tambarare hata kama zabibu zingejivuna zenyewe.

#11 Bwana Hesabu

Umegeuza mkokoteni mbele ya punda, ndugu yangu. Ardhi ni ghali kwa sababu mvinyo wake unauzwa ghali. Huwezi tena kuniambia kwamba mvinyo ni ghali kwa sababu ya ardhi.

#12 Binti wa Mkunazini

Assalaam alaykum. Sisi tusiokunywa tunaruhusiwa kuuliza? Nimesikia kwamba vilima hivyo viko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kama Mji Mkongwe wetu. Mji Mkongwe una nyumba na milango. Shamba la zabibu lina nini cha kuhifadhiwa?

#13 Mwana Treviso

Wa alaykum salaam, dada. Viliingizwa mwaka 2019. Kilichohifadhiwa ni jinsi watu walivyokikalia kilima: huko wanatumia matuta membamba yanayoshikiliwa na nyasi tu, bila ukuta wa mawe, ambayo wenyewe huyaita *ciglioni*, na matumizi yake ni ya tangu karne ya 17. Ukisimama juu ya kanisa la kijiji asubuhi unaona vipande vidogo vidogo vya mizabibu vikipishana na misitu, mistari mingine ikikata mteremko na mingine ikishuka nao, kama mkeka uliosukwa na watu wengi ambao hawakushauriana. Nyasi hizo hukatwa kwa mkono. Ukiacha kuzikata, kichaka kinarudi, na ukizing'oa, tuta linateremka na mvua.

Sitaki kuipamba habari hii kupita kiasi. Wapo wakazi wanaolalamika kuhusu dawa zinazopulizwa karibu na nyumba zao, na malalamiko hayo yalichangia dawa ya kuua magugu ya glifosati kupigwa marufuku katika eneo la DOCG kuanzia 2019. Wapo pia wanaosema kwamba misitu imeliwa na mizabibu tangu bei ilipopanda.

#14 Mpare wa Usangi

Hiyo habari ya mguu mmoja kuwa chini ya mwenzake haihitaji tafsiri kwetu. Lakini naona wote mmeng'ang'ania kazi na bei, na hakuna aliyejibu swali la ulimi.

Mteremko humwaga maji. Mzabibu uliosimama kwenye maji hujaza matunda maji, na ule wa mlimani hulazimika kuhangaika, kwa hiyo vichala vinakuwa vichache na vyenye nguvu. Pili, usiku wa mlimani ni wa baridi, hasa pale ambapo hewa inashuka kutoka milima ya Alpi, na baridi ya usiku huhifadhi ule ukali wa tunda ambao joto la mchana lingeumaliza. Mtu aliyekulia na ukali huo anaweza kugundua kwenye funda la kwanza kwamba haupo, kama mimi ninavyoijua ndizi ya kwetu na ya sokoni Dar es Salaam kabla sijameza. Kwa hiyo mzee wa mleta uzi ninamwamini.

#15 Mama Mizani

Ninauza vinywaji kwa jumla, na kabla hatujamvika mzee wa watu taji la ulimi wa dhahabu, naomba tuangalie sukari. Kwenye lebo za Prosecco kuna maneno yanayowapoteza hata wahudumu wazoefu. Brut haizidi gramu 12 za sukari kwa lita. Extra Dry ina gramu 12 hadi 17. Dry ina 17 hadi 32. Kwa maneno mengine, Dry, ambayo kwa Kiingereza humaanisha kavu, ndiyo tamu kuliko zote tatu, na Cartizze yenyewe mara nyingi huuzwa ikiwa Dry. Mtu aliyezoea Brut ukimpa Extra Dry atahisi kuna kitu kimebadilika, na kwa kuwa nyumbani kwao chupa nzuri ni ya mlimani, atasema "si ya mlima". Huenda alionja gramu sita za sukari, akakisingizia kilima.

#16 Fundi Mitungi

Nakubaliana na Mama Mizani, na ninaongeza sababu duni kuliko zote: sabuni. Glasi iliyooshwa ikabaki na utando wa sabuni, au iliyofutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya jikoni, huua mapovu. Mleta uzi ameandika kwamba mzee aliinua glasi hadi usawa wa taa kabla hata ya kunusa. Mtu haangalii kilima kwenye taa. Alikuwa akitafuta nyuzi za mapovu zinazopanda, na nadhani hakuziona.

#17 Mpare wa Usangi

Fundi, kama ni mapovu angesema mapovu. Alisema mlima.

#18 Mwana Treviso

Kuangalia kwenye taa kuna sababu nyingine. Ipo Prosecco ya kizamani inayochacha mara ya pili ndani ya chupa na kuachwa na machicha ya chachu chini, wenyewe huiita *col fondo*, na ikitikiswa huwa na ukungu kama maji ya mchele. Mara ya kwanza nilipopewa, kwenye meza ya chakula cha mchana baada ya mavuno, nilidhani mvinyo umeharibika na wananipa mimi kwa kuwa mgeni. Nikaona mwenye nyumba anajimiminia huo huo, tena polepole, na kuacha vidole viwili chini ya chupa kwa ajili ya mkwewe aliyependa machicha. Wazee wa huko wamekulia kinywaji hicho. Inawezekana mzee wako alikuwa akitafuta ukungu wa nyumbani, na kwake hiyo ndiyo "ya mlima". Kama ndivyo, hata chupa yako ya bei mbili isingempendeza.

#19 Mama Mizani

Hayo ni maelezo ya tano sasa. Mhudumu wa Kiwengwa, umetuwashia moto ukaondoka. Tumeandika kurasa nzima tukidhani ulimpa ile ya bei nafuu, lakini nimelirudia bandiko namba 1 na hukusema popote. Ulimmiminia ipi?

#20 Mhudumu wa Kiwengwa

Samahani wakuu, nilikuwa zamu. Ahsanteni nyote.

Nimelikwepa swali la Mama Mizani kwa sababu sina jibu. Jioni ile chupa zote mbili zilikuwa zimefunguliwa na zilikuwa ndani ya ndoo moja ya barafu, shingo juu, zikiwa zimeviringishiwa leso nyeupe zinazofanana. Nilichukua iliyokuwa karibu na mkono. Mgeni alikuwa amelipia kila kitu kwa pamoja, kwa hiyo hata risiti haisemi. Nimezitazama lebo leo: ya DOC ni Extra Dry na ya vilimani ni Brut, ambalo linampa nguvu Mama Mizani ikiwa nilimimina ya kwanza, na linamnyima ikiwa nilimimina ya pili. Kuhusu sabuni, Fundi, sitasema neno mbele ya watu.

#21 Bwana Hesabu

Basi kabla mzee hajaondoka mpelekee glasi mbili zisizo na jina, tumalize ubishi.

#22 Mhudumu wa Kiwengwa

Ameondoka leo alfajiri. Zilizobaki tumezijaribu mimi na mpishi baada ya kufunga jiko, tukipeana zamu ya kugeuka ukutani. Mpishi alipatia mara mbili kati ya tatu, mimi mara moja. Anadai ile aliyokosea nilimpa glasi mbovu.